Jino la Mina

Tegeta, 20 Aprili 2024

Bibi, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima.

Nimekwenda kwa daktari anifunge zile nyaya za kunyoosha meno kabla ya harusi. Anataka kung'oa mawili, kulia na kushoto, mengine yapate nafasi. La kulia amelipiga picha: ganda la mzizi limezidi unene, ncha imevimba kama mchi. Jino la namna hiyo waya hulisogeza kwa taabu, na likivutwa kwa nguvu laweza kuvunja mfupa. Anauliza: kwenye ukoo wetu yupo aliyewahi kusumbuka kung'olewa jino? Kama yupo, atangoja mashine ya kupiga picha kinywa kizima. Kama hayupo, ataanza na la kushoto.

Mjukuu wako, Arafa

Mkange, 24 Aprili

Marahaba, mke mwenzangu. Mgongo upo, unanitii nikiutukana.

Nyaya mdomoni! Wewe banda la kuku? Mimi meno yangu yalifika kwa babu yako kabla yangu, na alinioa. Na huyo daktari, anang'oa au anaposa? Ukoo wa nini? Mwambie kwetu hakuna. Sisi twatafuna muwa na fundo lake. Wazee wa Ziyad wako walipita hapa wiki jana kuulizia ukoo, nyumba kwa nyumba. Usiwape ugonjwa wa kuondoka nao.

Bibi yako, asiye na kasoro

Tegeta, 29 Aprili

Bibi, shikamoo. Nimefurahi mgongo unatii.

Nimemwambia daktari ulivyosema, akaandika. La kushoto linatoka Alhamisi hii asubuhi. Naogopa. Niombee dua.

Mjukuu wako, Arafa

Mkange, Jumatano, 1 Mei

Arafa, leo sikuulizi hali. Usiende.

Mwandiko uuvumilie, naandika mbio. Nilikudanganya. Mdogo wangu Mina hakufa kwa homa. Fundi mmoja kule Lugoba alimng'oa jino kwa koleo, likagoma, akamkalia kifuani. Likatoka na kipande cha taya, mzizi wake mnene kama kichwa cha kidole gumba. Alivimba mpaka jicho likafunga. Siku ya tisa tukamzika. Baba akatuita wasichana tuliobaki: semeni homa, la sivyo hamtaolewa. Nimeolewa kwa homa hiyo. Mama yako kaolewa kwa homa hiyo. Nikataka na wewe upite hapohapo.

Ningepiga simu, lakini simu ni ya jirani, Ashatu, na haya siyasemi mbele ya Ashatu. Barua hii nampa Abuu dereva wa basi mkononi, nimemwapisha. Mpe daktari aisome, kisha ichome.

Bibi yako

Tegeta, Jumamosi, 4 Mei

Bibi, shikamoo.

Gari la Abuu liliharibika njiani. Barua imefika Ijumaa.

Jino liligoma. Daktari aliposikia mfupa umelia akaacha, akanikimbiza hospitali kubwa. Huko wamepiga picha kinywa kizima: meno ya namna hiyo yapo manne. Taya wamelifunga, nanyonya uji kwa mrija. Uvimbe haushuki. Kila nikiamka natafuta kioo kwanza, nitazame jicho.

Barua sijaichoma. Mama yake Ziyad amekuja kunijulia hali, akauliza kwetu kuna nini. Kusema siwezi, nikampa aisome. Amekaa kitandani hapa, miguuni pangu. Yuko ukurasa wa pili.

Mjukuu wako, Arafa