Mbio Zimenirudishia Usingizi, Wanasema Zimenikausha Tumbo

Shikamoo Mama Sabina. Mimi ni Silantoi wa hapa Ngaramtoni, mume wangu Eliasi ni seremala, na nimekwama, nisaidie mama.

Mwaka jana nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki, na tulipomzika sikuwa mtu tena, usingizi ulinipotea, nasimama sokoni nimesahau nilichofuata, nikisali maneno hayaji, mpaka jirani yangu Theresia, mwalimu anayefundisha watoto riadha, akanishika mkono akasema, "Kulia utalia, lakini njoo ulie huku tunatembea," tukawa tunapanda mlima asubuhi kupita mashamba ya kahawa, baadaye tukaanza kukimbia, mwanzoni nilihema nikadhani kifua kitapasuka, lakini kadiri wiki zilivyopita nikaanza kulala, nikacheka, majina ya watu yakanirudia, nikawa naweza kumkumbuka mwanangu bila kuzama.

Basi nikanogewa mama, nikawa nakimbia kila siku hata Jumapili kabla ya ibada, nikaacha ugali nikabaki na chai kavu maana nikiwa mwepesi nakwenda vizuri, sasa nimekonda na hedhi imekata, tukafurahi tukidhani ni mimba, tukapima, hakuna, Eliasi akatoka akaenda kukaa kwenye mbao zake bila neno, ila yeyo, yaani mama mkwe, alilisema lake: "Mbio zimekukausha tumbo. Chagua, mlima au mtoto." Siku ile ile Eliasi akazificha raba zangu. Mtoto namtaka mama, lakini naogopa nikiacha mbio lile giza litarudi. Namba yangu nimeiweka, hata ukimpata Eliasi sema naye, mimi ananikwepa.

Silantoi, Ngaramtoni

MAMA SABINA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kuzika mtoto si jambo la kuambiwa usahau.

Ulichokipata kule kwenye kahawa si uchawi. Ukikimbia taratibu kwa muda mrefu, ubongo hutoa kemikali zinazotuliza maumivu na hofu, na ukiendelea siku hadi siku, usingizi hukaa sawa na kumbukumbu huamka. Moyo nao huzoea, ukafanya kazi ile ile bila kuhangaika. Theresia Mungu ambariki.

Lakini wewe nawe! Nani alikudanganya kwamba mwili unakimbia kwa chai kavu? Mwili ukiona unatumia zaidi ya unachopewa, hubana matumizi, na kazi zinazoweza kusubiri huzisimamisha. Kushika mimba ni mojawapo. Yeyo ameona kweli kuna jambo, ila ameulaumu mlima bure. Ninachokiona hapa ni njaa, na kukosa kupumzika.

Nilipiga ile namba, akapokea Eliasi. Nikamuuliza kwa nini ameficha raba. Akasema, "Mama, nimeshazika mmoja. Nikimwona alivyokonda naona namzika na yeye."

"Umewahi kumwambia hivyo?"

"Hapana."

"Basi mwambie leo, kabla hujashika randa."

Juzi amenipigia mwenyewe. Kumbe alikwambia, mkalia wote wawili, na kesho yake akakupeleka kwa daktari. Daktari amekupima, hakuona ugonjwa mwingine, akasema ukila na kupumzika kuna matumaini makubwa hedhi itarudi. Sasa nisikilize. Mbio zisimame mpaka yeye aseme. Kutembea na Theresia usiache, na Eliasi aende nanyi, seremala naye ana miguu. Daktari akikuruhusu kukimbia, siku za kupumzika ziwepo, na hakuna kutoka na tumbo tupu. Giza likirudi usilifiche, rudi kwa daktari ulitaje kwa jina lake, maana huzuni nayo hutibiwa. Yeyo nenda kamweleze wewe mwenyewe, kwa heshima, na umwombe akupikie loshoro, yale mahindi yenye maziwa mgando. Mama mkwe akipewa kazi ya kukulisha hana muda wa kukulaumu.

Hakuna cha kuchagua hapo, mwanangu. Weka gazeti chini, ingia jikoni, ule ushibe.