Usibonyeze Ndiyo

Najim,

Wali na mchuzi wa papa vimo jikoni, nimevifunika. Nimekwenda mkutanoni Mbegani.

Diski uliyotaka kuwekea magemu yako ni nzima. Nimebadili waya, nikaichomeka moja kwa moja nyuma ya mashine ya gemu, taa ikawaka, gemu likang'ang'ania kuwa halioni kitu. Diski hii iliandaliwa kwa ajili ya kompyuta. Gemu haliitaki mpaka lifute kila kilichomo. Ndicho linachouliza pale kwenye TV. USIBONYEZE NDIYO. Magemu yako tutayatafutia diski nyingine.

Asubuhi umeniambia, "Bonyeza tu baba, si mikutano yako ya zamani?" Ndiyo, ni mikutano niliyoirekodi. Humo wakubwa wa wilaya wanasikika wakiahidi kutuachia uwanja wa kuanikia dagaa, ahadi wanayoikana leo. ~~Wewe na wao ni walewale.~~ Hilo nimelikata, usilisome.

Irudishe kwenye kompyuta. Katika mkutano wa mwisho humo, marehemu mama yako alikuwapo. Mimi nafoka, yeye anasikika nyuma: "Baba Najim, fupisha, watu wana njaa." Sauti yake nyingine hatuna. Huwa naisikiliza peke yangu. Nikirudi, tuisikilize wawili.

Baba yako