Mnyororo wa Mwalimu, Mkanda wa Mwokaji

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Tuhuma ya wizi wa injini ya gari
Jina: Liko kwenye kitambulisho kilichonakiliwa. Anafahamika zaidi kama Mama Nozeli
Umri: Miaka 56
Kazi: Fundi wa injini za dizeli
Makazi: Nyumba ya nyuma ya gereji yake, mkabala na soko la mbao
Tarehe: 14 Novemba, saa 5:20 asubuhi

Mimi ndiye mwenye maelezo hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu, nami nitaisema, ingawa sehemu yake inanikaa kooni. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuletwa na mtu. Mikono yangu ina grisi kwa sababu nilipopigiwa simu nilikuwa chini ya lori, kwa hiyo afande asidhani nimeidharau ofisi yake. Afande ananifahamu. Gari lake la bluu lilikuwa kwangu mwezi wa sita.

Naomba jambo la kwanza liandikwe hili: Mwalimu hakuiba injini. Injini iliyo ndani ya gari lake ni ya shemeji yake kweli, na aliyeiweka pale ni mimi. Afande ameweka kalamu chini akaniangalia. Nimemwomba aishike tena kwa sababu ndiyo kwanza tunaanza.

Mwalimu ni mstaafu, alikuwa akifundisha hesabu. Mwokaji ana tanuri la mikate linalolisha mitaa mitatu. Mwalimu amemwoa mdogo wake Mwokaji, huu ni mwaka wa ishirini na sita. Wote wawili ni wateja wangu tangu enzi za marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyeniachia gereji na ulimi huu.

Magari yao yametoka kiwanda kimoja, bati lilelile, yamepishana miaka minne tu. Ndani ya miaka hiyo kiwanda kilibadilisha kitu kimoja kwenye injini. Ya Mwalimu, iliyotangulia, mzunguko wa valvu zake unaendeshwa na mnyororo wa chuma. Ya Mwokaji unaendeshwa na mkanda wa mpira. Mnyororo una kelele kidogo lakini haukatiki ovyo. Mkanda umetulia, ila ukiupitisha muda wake ukakatika, valvu zinagonga pistoni na unabaki na chuma chakavu. Mengine yote yanaingiliana: pampu, giaboksi, hata miguu ya injini inakaa kwenye matundu yaleyale.

Kwa kitu hicho kimoja watu wazima wawili wamesumbuana miaka sita. Mwalimu alikuwa akimwita mwenzake Mzee wa Raba. Mwokaji naye gari la Mwalimu aliliita Cherehani. Mwanzoni ulikuwa utani wa mashemeji, nasi tukicheka. Kisha siku moja mezani, mbele ya watoto, Mwokaji akasema mtu anayeshindwa kuchagua injini alichaguaje mke. Mwalimu akasukuma sahani, akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa Mwokaji, na mke wake akawa ananunua mkate wa dukani ilhali kaka yake ni mwokaji. Aliniambia hilo mwenyewe huku akilia, amekaa juu ya tairi gerejini kwangu.

Kusema kweli vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru nilikuwa mimi. Huyu akija nimfungulie pampu ya dizeli kidogo ampite mwenzake, wiki haiishi yule naye yuko mlangoni. Lakini yale machozi ya mama wa watu yalinichoma.

Mnamo tarehe 20 Februari magari yote mawili yaliletwa kwangu, kila moja kwa wakati wake, yakitoa moshi mweusi na kukosa nguvu kwenye mlima. Nilizifumua injini zote mbili zikawa mezani kwa pamoja. Nikazitengeneza sawasawa bila upendeleo: ringi mpya za pistoni, nozeli mpya za kunyunyiza dizeli zilizopimwa, pampu nikaziongeza mafuta kwa kipimo kimoja, na bomba la moshi nikalipanua kwa wote. Dawa ya huyu ndiyo dawa ya yule.

Tarehe 6 Machi, saa 4:00 asubuhi, tulikwenda kwenye kilima cha tangi la maji kumaliza ubishi. Kila gari lilibeba mifuko minane ya saruji. Dizeli niliiweka kwenye chupa yenye alama za vipimo, nikaifunga ndani ya boneti ili kila tone lionekane. Mwokaji alipanda kwa dakika tatu na sekunde hamsini na mbili, akanywa mililita mia tano na sitini. Mwalimu alipanda kwa dakika nne na sekunde thelathini na moja, akanywa mia nne na kumi tu.

Nilidhani tumemaliza. Wapi. Mwokaji akasema amewahi kufika, Mwalimu akasema ametumia kidogo, wakarushiana maneno mpaka mlinzi wa tangi akatoka kibandani. Nikawaambia wabadilishane magari, tujue kama ni injini au ni mguu wa dereva. Mwokaji akasema haketi ndani ya Cherehani hata akifa. Mwalimu akasema gari lake haliguswi na mtu, kisha akanipa somo kama vile niko darasani: "Ukitaka kujua ukweli, Mama Nozeli, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo."

Maneno hayo niliondoka nayo.

Tarehe 9 Machi waliniachia magari siku tatu ili nikaze upya vichwa vya injini, maana injini iliyofumuliwa hukazwa tena ikishatembea kidogo. Niko peke yangu na winchi, nikabadilisha kitu kimoja tu. Injini ya Mwokaji nikaiweka kwa Mwalimu, ya Mwalimu nikaiweka kwa Mwokaji. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliona nikiwaomba watakataa, na nikawa nimejipa haki ambayo si yangu. Nia yangu ilikuwa tupime mara moja, niwaambie, nirudishe.

Tarehe 12 Machi walikuja kuchukua magari. Mwalimu aliwasha, akainamisha kichwa, akaniambia nimeufunga mnyororo vizuri mpaka hausikiki. Hausikiki kwa sababu haupo, lakini nikanyamaza. Mwokaji aliwasha lake, likalia kama mnyororo unavyolia, akasema mkanda uliokazwa upya lazima uimbe siku za mwanzo. Nilikwenda nyuma ya gereji nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Tarehe 13 Machi tulirudi kilimani na saruji yetu. Mwokaji, akiwa na mnyororo wa shemeji yake, alipanda kwa dakika tatu na sekunde hamsini, akanywa mia tano sitini na tano. Mwalimu, akiwa na mkanda, alipanda kwa dakika nne na sekunde thelathini na tatu, akanywa mia nne na tano. Ni kama nilinakili karatasi ya wiki iliyopita. Basi nikajua kwamba kwa miaka sita injini hazikuwa na kesi. Mmoja ana mguu mzito, mwingine ana mguu mwepesi.

Nilifungua kinywa niwaambie. Hapo Mwokaji akamshika Mwalimu bega akasema, "Shemeji, wewe unakunywa kidogo, mimi nafika mapema. Tumegawana." Mwalimu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa miaka mingi. Waliongozana hadi kwenye tanuri, saruji ikiwa bado mgongoni, na jioni mke wa Mwalimu akanipigia simu kwamba kuna mkate wa kaka yake mezani kwake. Sasa afande aniambie, ningeanzia wapi?

Nilisema nitawaambia baada ya wiki. Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mingine. Kila walipokuja kubadilisha oili nilijipanga kusema, kisha mmoja anaanza kunisifia injini yake na moyo unanywea. Mficha uchi hazai, wazee walisema, nami nimejificha miezi minane.

Jana, tarehe 13 Novemba, Mwokaji alipeleka gari kwenye ukaguzi ili liandikwe jina la binti yake. Mkaguzi akasoma namba ya injini, akaona hailingani na kadi. Mwokaji akaja hapa kuripoti kwamba injini yake imeibwa na kuwekewa nyingine. Leo saa 2:30 asubuhi Mwalimu alimsindikiza shemeji yake kituoni kumtia moyo, akitumia gari lake mwenyewe. Askari wa zamu alipouliza namba hukaa sehemu gani, Mwalimu alifungua boneti yake kwa hiari, akapangusa vumbi kwa leso yake, akamwonyesha. Ilikuwa ndiyo namba inayotafutwa.

Mke wake alinipigia saa 4:40. Aliniambia kaka yake amemkunja mume wake shati, na mume wake amewekwa ndani. Nilipoingia hapa nilimwona Mwalimu nyuma ya nondo, pekupeku, viatu vyake vimepangwa chini ya kaunta. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa msichana, na hadi sasa ninayo.

Afande ameniuliza kwa nini aniamini, kwa kuwa naweza kuwa namkinga mteja wangu. Swali ni halali. Nimemjibu kwamba ushahidi uko ndani ya injini zenyewe. Gerejini kwetu kuna desturi ya baba. Fundi akimaliza kufunga injini, upande wa ndani wa kifuniko cha valvu huandika alichokifanya kwa msumari, kwa ukweli, kabla hajakifunga. Mteja haoni, lakini fundi atakayefungua kesho ataona. Baba alisema mdomo unaweza kudanganya, kifuniko kisidanganye. Nimeomba tufungue vifuniko viwili.

(Maelezo yalisimama saa 6:05 mchana, yakaendelea saa 7:10 mchana.)

Tulitoka uani mimi, afande, Mwokaji, Mwalimu aliyetolewa kwa muda, na mke wake. Nilifungua kifuniko cha gari la Mwalimu kwa spana yangu mwenyewe nikakigeuza. Afande alikisoma kwa sauti: "Injini hii ni ya shemeji yake. 9 Machi. Naazima kupima, nitairudisha. Mama Nozeli." Nilifungua na cha gari la Mwokaji, lililozuiwa hapa uani tangu jana. Maneno yalikuwa yaleyale.

Mwokaji alishika kifuniko, akakisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaenda akainama mbele ya injini iliyoko kwenye gari lake, akaona mahali mnyororo ulipo, mambo ambayo angeweza kuyaona siku yoyote kama angetaka. Alipoinuka uso ulikuwa umemshuka. Alimwambia Mwalimu kwamba amemkunja shati bure mbele za watu, na akaomba radhi. Mwalimu aliitazama miguu yake. Alikuwa bado pekupeku juu ya kokoto.

Aliyesema ni mke wa Mwalimu, na hakupaza sauti. "Miaka sita nimekaa katikati yenu. Kumbe mmenitesa kwa ajili ya kitu ambacho hamuwezi hata kukitambua mkikipanda kila siku."

Walitazama chini wote wawili. Mimi pia nilitazama chini, kwa sababu katika miaka hiyo sita kuna pesa nyingi nilizokula kwa ugomvi wao. Nilimwambia afande kosa la injini ni langu peke yangu, na sheria ikitaka kunishika inishike, ila kwanza Mwalimu arudishiwe viatu. Mwokaji mwenyewe alikwenda kuvichukua kaunta. Alivileta, akachutama, akaviweka mbele ya shemeji yake. Mwalimu akajishika begani mwa Mwokaji ili avivae, na hapo ndipo alipozungumza. Alisema, "Kwa hiyo Cherehani ndiye aliyekufikisha juu kwa dakika tatu na sekunde hamsini." Mwokaji akakubali kwamba ndiye. Akaongeza kwamba raba ya Mzee wa Raba nayo inakunywa kidogo kuliko Mwalimu alivyodhani. Walianza kucheka taratibu, kisha wakashindwa kujizuia, na mke wa Mwalimu akafuta machozi kwa kanga huku akiwaita wapumbavu.

Mwokaji amesema anafuta malalamiko yake. Nimewauliza kama nizirudishe injini. Wamenong'onezana, wakakataa wote. Kila mmoja anasema ameshaizoea. Nitawasaidia kupeleka karatasi za kubadilisha namba kwenye kadi zote mbili, na siku nzima ya kupanga foleni huko itakuwa juu yangu. Nakubali adhabu hiyo na sitanung'unika, au nitanung'unika kidogo.

Nilipokuwa narudi ndani niliwasikia getini wakibishana nani ni dereva bora. Hilo sitaligusa.

Afande ameniuliza swali la mwisho, kama nimewahi kufanya jambo la namna hii kwenye gari la mteja mwingine yeyote. Nimemjibu kwamba swali hilo liko nje ya shauri hili.

Nimesomewa yote niliyosema na hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa, isipokuwa maneno mawili ambayo afande amekataa kuyaandika. Natia sahihi kwa hiari yangu, na alama ya grisi iliyo pembeni ni ya kidole changu.

Sahihi: Mama Nozeli

KUMBUKUMBU YA AFISA: Maelezo yamechukuliwa nami na kukamilika saa 7:55 mchana. Mlalamikaji ameondoa malalamiko, mtuhumiwa ameachiwa bila masharti, vitu vyake vyote amekabidhiwa. Shahidi ameonywa kwa mdomo. Shahidi hajaruhusiwa kuondoka kituoni kwa sasa. Yuko uani pamoja nami, na spana yake, anafungua kifuniko cha gari la bluu.