Jiwe la Mutheu

Alhamisi, Julai. Baridi ya kuuma masikio. Ukungu haujatoka juu ya milima ya Iveti tangu asubuhi, na manyunyu yanaanguka kwa uvivu, hayaachi wala hayawi mvua. Vidole vyangu vinakosea herufi kwenye kibodi na ningependa kusema ni kwa sababu ya baridi.

Si baridi. Naogopa.

Wateja wote wameondoka hapa saiba, duka la intaneti ninapofanya kazi. Mwenye saiba ameniruhusu nikae hadi atakapokuja kufunga. Simu yangu nimeiweka kando ya kompyuta, na kila sentensi mbili naitupia jicho. Acha nieleze tangu mwanzo. Nikiandika kwa mpangilio huenda moyo nao ukatulia.

Dada yangu mkubwa, Mutheu, hasikii. Alizaliwa akisikia kama mimi, kisha akiwa mtoto akaugua homa ya uti wa mgongo. Homa ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Shule ya viziwi hakupelekwa. Lugha yetu naye ni ya mikono, na tuliitunga wenyewe nyumbani, yeye, mimi na Mwaitu, yaani mama yetu. Kushika kidevu ni baba. Kusugua vidole ni unga. Nje ya boma letu hakuna anayeielewa. Mume wake anajua nusu yake, naye yuko Matuu kwenye kazi ya mjengo na simu yake haipatikani.

Mutheu ana mimba ya miezi minane. Ya kwanza.

Leo asubuhi aliingia hapa amenuna. Akawapita wateja bila kusalimu mtu, akafungua kiondo chake, akatoa jiwe na kulibwaga mezani hadi kibodi ikaruka. Jiwe la kawaida tu, ukubwa wa ngumi, na vumbi jekundu la kwao Kalama bado limeling'ang'ania.

Nilicheka. Mutheu akikasirika huwa hana kiasi, mikono yake inafoka, na anajua kuigiza watu wabaya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikuwa amekuja kushtaki. Watu wa zahanati yao wamemnyang'anya foleni, na jiwe ndilo ushahidi.

Kule kwao watu hufika zahanati mapema kabla mlango haujafunguliwa. Kila mtu huokota jiwe na kulipanga kwenye mstari mbele ya mlango, kisha huenda zake kuota jua au kunyonyesha. Jiwe linakushikia nafasi. Mstari ukisogea, unasogeza jiwe lako. Sijui nani alianzisha, lakini kwa Mutheu hakuna foleni nzuri kama hiyo, kwa sababu anaiona. Mwaitu alimfundisha jambo moja tu: usitoke karibu na jiwe lako.

Kumbe wamebadilisha. Nilielewa polepole, nikiuliza naye akinijibu kwa hasira. Siku hizi wanakusanya kadi za kliniki dirishani na sista anaita majina, ili mgonjwa aliyezidiwa asikae nyuma ya mwenye mafua. Wazo zuri. Ningeulizwa mimi, ningekubali bila kufikiri. Watu wameendelea kupanga mawe kwa mazoea tu, na Mutheu akaendelea kuyaamini.

Mwaitu angekuwepo, angesikia jina likiitwa. Lakini goti lake limekataa kile kilima cha kwenda zahanati tangu mvua za masika, na Mutheu akasema anaweza kwenda peke yake. Na kweli, enzi za mawe aliweza.

Mara ya kwanza alikaa hadi mchana. Wakati wa kufunga, mama anayefagia alimrudishia kadi yake na kumpungia mkono aende nyumbani. Mutheu akaelewa kwamba wamemwona hana shida. Akarudi akatuambia yuko sawa, na sisi tukafurahi. Mara ya pili ilikuwa juzi. Aliona wanawake waliofika nyuma yake wakiinuka tu, bila hata kugusa mawe yao, wakaingia na kutoka. Akajua anadharauliwa. Akabeba jiwe lake akaja nalo mjini, ili mimi mdogo wake mwenye mdomo niende nikamgombeze sista.

Nilikuwa bado nacheka nilipomtazama vizuri usoni.

Uso haukuwa wake. Ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. Miguuni alikuwa na sapatu za mumewe kwa sababu zake hazimwingii tena. Nikamuuliza miguu imevimba tangu lini, akapunga mkono kama anayefukuza nzi: mimba tu. Nikamuuliza kichwa. Akajigonga kipaji cha uso kwa ngumi, akarudia, akarudia. Kisha akaleta vidole mbele ya macho akawa anavifumba na kuvifumbua, anavifumba na kuvifumbua.

Ishara hiyo naijua. Ni ya vimulimuli. Tuliitumia tukiwa watoto, tukikaa nje baada ya chakula cha jioni.

Mutheu anaona vimulimuli asubuhi peupe.

Kuna kipindi cha afya redioni ambacho mimi husikiliza nikipika. Daktari wao amesema mara nyingi hadi mtu anachoka: mama mjamzito akivimba uso, akiumwa sana na kichwa, akiona vitu vinametameta, msingoje kesho. Nayajua maneno hayo kwa moyo na sijawahi kubeba mimba. Dada yangu aliyebeba hana namna ya kuyasikia. Hilo halikuwahi kunijia akilini hadi leo, nikiwa nimesimama mbele yake na kicheko kimenikauka mdomoni.

Alirudisha jiwe kiondoni, tukaenda hospitali kubwa kwa miguu, si mbali na hapa, yeye akinivuta nyuma kwa sababu alitaka tuelekee stendi, twende Kalama tukagombane.

Sista wa mapokezi alimfunga mkanda wa presha mkononi. Akapima. Akatazama mashine, akapima tena mkono wa pili. Mutheu hasomi mashine lakini husoma nyuso, na mikono yake ikaacha kufoka.

"Dada, presha iko juu sana. Huyu amekuwa akienda kliniki wapi?"

"Kalama."

"Na hawakuona hii kitu?"

"Hakuitwa," nikasema. Halafu nikajirekebisha. "Aliitwa. Hakusikia."

Baada ya hapo kila mtu alianza kutembea haraka. Sindano, kitanda, daktari. Wote walinisemesha mimi, na Mutheu akawa anahamisha macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, akinifinya mkono nimwambie. Presha unaisemaje kwa mikono? Nilipitisha kidole kwenye mshipa wangu, nikakunja ngumi, nikaipandisha juu. Alinielewa au aliona uso wangu, sijui. Akapakata hewa mikononi na kuibembeleza. Mtoto?

Nikafungua mikono yangu mitupu. Sijui.

Sijawahi kumjibu hivyo. Tangu nijue kuongea nimekuwa na jibu la kumpa, hata pale nilipolitunga mwenyewe. Aliitazama ile mikono yangu mitupu, kisha akageukia ukuta.

Daktari alinieleza vizuri, simlaumu. Wamempa dawa ya kushusha presha na ya kuzuia degedege. Presha ikishuka, watangoja kidogo mtoto akomae. Isiposhuka, ni leo leo. "Anaenda thieta, apasuliwe mtoto atolewe. Tutakupigia uje umwelezee kabla hatujampatia dawa ya usingizi." Kwa hiyo simu hii ikilia, mjue dawa imeshindwa.

Nilitaka kubaki naye wodini. Wakakataa. Nikabishana hadi nikaona aibu. Wakasema wakiniruhusu mimi, kila mgonjwa ataleta ndugu yake, watalala wapi.

Nilikuwa nachukua sweta yangu niondoke wakati sista wa dawa alipotokea mlangoni na kitoroli chake, akaita majina. Akaita na la Mutheu. Mutheu alikuwa anatazama manyunyu dirishani. Sista akaita tena, akangoja kidogo, akasukuma kitoroli hadi kitanda kinachofuata.

Vile vile. Ndani ya hospitali, dawa iko hatua chache kutoka kwake, na anapitwa vile vile.

Nilipiga kelele wodi nzima ikanigeukia. Mutheu aliona watu wanageuka, akaniona mimi, na sijui alielewa nini, lakini aliinama akatoa lile jiwe kwenye kiondo. Akaliweka juu ya kabati la kando ya kitanda, kwenye ukingo kabisa, upande wa mlangoni.

"Sasa hili jiwe ni la nini?" sista akauliza.

"Ni nafasi yake, sista. Huyu hasikii. Ukiona jiwe usimwite. Mguse bega."

Niliogopa atalitupa nje. Wodi ni safi, jiwe lina vumbi. Alilishika, akalipangusa kwa kitambaa cha kitoroli, akalirudisha palepale. Kisha akanyoosha mkono akamgusa Mutheu begani, kidogo tu, kwa kujaribu. Mutheu akageuka na kufungua kiganja apewe dawa.

Nilitoka nje nikalia karibu na tangi la maji.

Nimempigia Mwaitu kupitia simu ya jirani yake. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, "Na ni nani ako hapo amsikilizie?" Nikamwambia kuna sista anayemgusa bega. Akasema sawa. Lakini sista huyo atamaliza zamu yake, na anayeingia sikumwona. Kama hataelewa jiwe? Kama wataamua kumpeleka na nisipatikane, wamsukume kwenye taa kali, watu wamejifunika midomo, asione hata nyuso za kusoma?

Nitakwenda Kalama. Si kugombana. Nitawaomba tu mtu atoke dirishani, atembee kwenye mstari, amguse aliyekaa kimya. Naandika hapa ili nisijisingizie baadaye kwamba nilisahau. Ila sasa hivi siwezi kuwaza Kalama, nawaza kile kitanda.

Mwenye saiba amefika, namsikia akitikisa funguo nje. Nitakwenda kukaa karibu na lango la hospitali, kwenye ngazi za lile duka la vitambaa. Hapa mezani bado pana duara la vumbi jekundu na sijalifuta.

Maisha yangu yote nimemhurumia Mutheu kwa kimya chake. Leo hicho kimya ndicho ninachokiomba. Simu haijalia.

Usilie.