Bi Nusu na Viatu Vyenye Meno

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kaniita tena Bi Nusu. Mezani, mbele ya watoto wake na mama! Eti nina nusu sweta, nusu cheti cha ushonaji, na gitaa lenye nyuzi tatu. (Nne. Ni nne.) Hasira zikanipanda, nikaropoka: nitakimbia zile mbio za mlimani, tarehe thelathini, kilomita zote kumi na mbili. Kaka akacheka mpaka akapaliwa. Akasema na yeye atajiandikisha, ili awepo wa kunishusha mlima. Mama akauliza kwa upole kama nina viatu.

Sina viatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo leo nikichonga meno ya juu ya mwalimu mstaafu. Mimi ni fundi wa meno bandia. Kinywa cha mtu sikikisii, nakichukulia kipimo kwa plasta. Kwa nini basi mguu wangu mwenyewe niubahatishe?

Saa nne asubuhi, wateja bado. Nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa, nimejipaka mafuta ya mgando mpaka vifundoni, nimetumbukiza miguu kwenye bakuli mbili za plasta. Daktari wetu wa meno akafungua mlango. Akanitazama. Akaufunga. Mtu mwenye adabu sana yule.

Nimemimina plasta nyingine kwenye mashimo hayo, na miguu imetoka safi, hadi kucha zinaonekana!

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda dukani na miguu yangu kwenye mfuko. Muuza viatu wanamwita Profesa, kwa sababu huwezi kununua hata kamba bila kuhudhuria mhadhara. Akanisihi nivue nijaribu. Nikamwambia hii ni kazi ya kitaalamu, asiniingilie. Nikaivisha viatu ile miguu ya plasta mbele ya wateja wote. Namba thelathini na tisa, rangi ya chungwa, vyepesi, vizuri — vimekaa barabara! Profesa akavifungasha. Nikatoka nimevimba kichwa.

Jumamosi, 8 Machi

Kilomita nne. Kupanda, sawa. Kushuka, vidole vyote kumi vilikuwa vinagonga mlango vitoke nje. Ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi. Nikajiambia ninachowaambia wateja wangu: vumilia, utazoea.

Sasa namwelewa yule mteja mzee aliyenirushia meno yake.

Jumanne, 11 Machi

Sijakimbia. Jana pia. Kaka kapiga simu kuuliza mazoezi yanaendaje. Nikasema viatu vinabana. Akasema: "Haya, Bi Nusu. Safari hii umewahi."

Hata hakucheka. Ndicho kilichoniuma. Nimejifungia chooni kazini nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye mameno yangu. Nina miaka arobaini na nne. Sijawahi kumaliza kitu ambacho mtu hakunilipa nikimalize.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi kwa Profesa nikichechemea, heshima nimeiacha nyumbani. Akauliza plasta niliichukua saa ngapi. Asubuhi, nikasema. Nimesimama? Nimekaa. Akatafakari kama daktari mwenye habari mbaya.

"Kwani dada, mbio unakimbia umekaa?"

Mshenzi!

Lakini kweli. Kinywa hakibebi mtu. Mguu unabeba, unatanuka, na ikifika jioni umevimba. Ndiyo maana kanipangia nirudi leo hii saa kumi na mbili jioni, na soksi nitakazovaa mbioni. Akanisimamisha, akanishusha mara sita kwenye ubao aliouegemeza juu ya kreti kama mteremko. Vidole visiguse mbele, kisigino kisicheze. Akavuta mishono, akakunja soli: ikunjike penye vidole, si katikati. Nimeishia namba arobaini na moja! Kijani cha gari la takataka, pana, na pua ya mpira mgumu. Vibaya hivyo sijapata kuona.

"Angalia meno haya," akasema, akigeuza soli.

Meno ndiyo kazi yangu. Nikapitisha kidole. Marefu, yameachana vizuri, matope hayatakwama. Sikupata la kukosoa, na nilitafuta.

Jumapili, 23 Machi

Kilomita tisa! Miguu haijambo. Mapafu ndiyo yalitaka kuniacha.

Kaka kaja kuonyesha viatu vyake. Vyeupe pe, vya bei. Nikageuza soli: laini kama fizi za kichanga. Nikamwambia hiki kiatu ni kibogoyo, mvua ikinyesha utaumbuka. Akajibu kwamba kukimbia si kutafuna.

Jumapili, 30 Machi

Naandika nyuma ya namba yangu ya kifuani, kwa penseli ya kazini ninayoisahau nyweleni. Mvua ilinyesha usiku kucha. Nimekaa juu ya jiwe. Mbele yangu kuna kibao: 6. Nusu kamili! Mungu naye ana utani.

Hapa ndipo wanapogawa maji. Hapa pia ndipo lilipo gari la kuwashusha walioshindwa. Na ndani ya gari, matope mpaka masikioni, nani? Kaka! Kaanguka mara tatu, ya mwisho kateleza kwa makalio mpaka kwenye kichaka. Kavua vile vyeupe, sasa ni vya rangi ya uji. Kaniona. Anapigapiga nafasi iliyo kando yake. "Bi Nusu! Panda bwana, tushuke, hakuna atakayekucheka." Kasema kwa upendo, ndiyo balaa lenyewe.

Kifua kinawaka. Nataka kupanda, sijidanganyi. Nimevua viatu nitafute pa kusingizia. Wateja wangu hufanya hivyo hivyo, wakichoka kutafuna wanasema meno yanauma. Nimekagua kidole kwa kidole. Kisigino. Wayo. Nimekung'uta hata soksi.

Hakuna kinachouma! Hata kokoto moja! Profesa, mwanaharamu wewe!

Dereva anapiga honi. Nafasi ni hiyo moja, anasema, na harudi tena. Kaka kanyoosha mkono; nimemwekea kikombe changu cha maji, kitupu.

Nimeshafunga kamba ya kushoto. Ya kulia —