Meno Yangu ya Kauri Siyang'oi

Langoni, Amu
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Ibtihal,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hali gani huko Maskati? Shemeji Fahmi mgongo umempoa? Na lile goti lako lakubali kupanda ngazi, au bado waisalimia ghorofa ya pili kwa mbali? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Shaaban imeingia, kila mtu ataka kofia mpya kabla ya mfungo, na mimi na sindano yangu hatuna nafasi hata ya kugombana na mke wangu Rawiya.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilipunguza sauti, maana ile ya kwanza ilifika mpaka msikitini. Wasema niyang'oe maganda yangu manne ya kauri, nitiwe meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, kwa kuwa haya hayadumu. Dada, siyang'oi.

Aliyekufikishia habari ameitia chumvi, basi isikie kwangu. Wajua sisi washona kofia uzi twaukata kwa meno. Nilifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini, mpaka meno yangu ya mbele yakalika ncha, yakawa kama msumeno. Miaka sita nyuma nikaenda kwa daktari wa meno Mombasa, Bi. Nerea. Akayaparuza kidogo, akayabandika hayo maganda, membamba kama ukucha. Akaniambia, "Mzee, kula, cheka, lakini uzi usikate." Nikaitikia kwa adabu. Nilipofika Amu nikakata uzi.

Miaka sita, Ibtihal! Halua, pweza, mahamri ya juzi ya Rawiya, yote yamepita hapo. Mwezi wa Disemba ndipo ganda moja lilipobanduka, zima, likaniangukia mapajani. Hapo nikafanya upumbavu ambao naungama mwenyewe: nililibandika kwa gundi ya viatu. Likakaa upande. Siku tatu nikicheka, watu wanaangalia pembeni kwa huruma.

Siku ya nne nikarudi Mombasa, Bi. Nerea akalibandua, akalisafisha, akalirudisha mahali pake. Kisha akayapitia yale matatu kwa kijichuma chembamba, akitafuta mwanya ukingoni. Hakikupata pa kuingia. Na rangi ni ile ile. Lakini akanionya: jino lililo chini ya ganda lishaparuzwa, halirudi lilivyokuwa. Nikilibandua ganda kwa uzi tena, huenda na jino lenyewe likaenda. "Chagua, Mzee. Uzi au meno."

Nimechagua vyote viwili. Nimenunua mkasi.

Barazani tunaposhonea waliangua kicheko. Wao wasema mkasi huacha vimkia vya uzi upande wa ndani, na kofia ya vimkia ni kofia ya mwanagenzi. Zaki, tunayekaa naye bega kwa bega, hakunipa pumzi: "Bwana Shuaib, leo mkasi, kesho cherehani!" Nikamwambia, "Cheka, Zaki, panua mdomo tuhesabu uliyobaki nayo." Akaufunga. Wiki ya kwanza kweli niliacha vimkia, nikafumua kazi ya siku nne. Sasa mkono umeshika ndia.

Waniuliza pia mtu wa miaka hamsini na tatu ataka urembo wa nini. Siku ya harusi ya binti yangu Safaa nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja, na picha zote niko hivyo, kama mwenye kuzuia kikohozi. Hiyo ndiyo siku niliyoapa kwenda Mombasa. Uite urembo ukipenda.

Barua hii anakuletea Taha, mwana wa Bi. Barka, pamoja na kofia ya vito, ile ya vitundu vidogo vidogo, ya Shemeji Fahmi. Nyuzi zake zote nimezikata kwa mkasi. Kabla hajaivaa igeuze ndani, vaa miwani, waite na majirani. Ukiona kimkia kimoja tu, nitapanda ndege nije, uning'oe yote manne kwa mkono wako. Usipokiona, nyamaza, umvishe mumeo.

Nisalimie wanao Nadra na Aaliya, na shemeji umwambie tunamwombea. Rawiya na Safaa wanakusalimu sana. Mola awahifadhi katika nti za watu, awafikishe Ramadhani mna afya.

Nduguyo akupendaye, na asiyekutii kwa hili,
Shuaib