Jumapili Niliyokaa Benchi

Maige Fundi Viatu,
Nyuma ya Stendi,
Bariadi.

Kwa ndugu yangu Cyprian,

Mwangaluka, Bwana Afisa. Najua mpaka leo unaitikia salamu ya Kisukuma kama mtu aliyemeza chai ya moto, lakini itikia tu hivyo hivyo, nitakusikia huku huku. Natumaini barua hii inakukuta Mwandoya ukiwa na afya njema, wewe na shemeji Eliaichi, na kile kikohozi cha mtoto kimepungua. Sisi huku tunapumua. Mguu wangu uliogongwa na bodaboda unaniuma mvua ikikaribia, kwa hiyo sasa majirani wananiuliza mimi kuhusu kupanda mahindi, hawasikilizi tena redio.

Utashangaa kupata barua wakati namba yangu unayo na yako ninayo. Sababu utaikuta mbele. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, nikamwambia akikukosa ofisini akuachie kwa yule mama wa chakula, maana afisa anaweza kukosekana kazini lakini kwenye wali maharage hakosekani.

Ngoja nianze kwa kujisifu, usije ukafikiri barua imeandikwa na mtu mwingine. Mimi niliishia darasa la sita, la saba nikalisikia tu likipita, lakini dunia nimeisoma kwa matairi. Nimekuwa utingo wa lori mpaka Ndola na Lubumbashi. Wewe una digrii ya ushirika, mimi nina digrii ya mipaka. Na injini yetu ilipokufa Nairobi tukakwama wiki kadhaa kungoja vipuri, ndipo nilipokaa kwenye mlango wa ukumbi wa watu wa tango, ile dansi ya Ajentina ya kukumbatiana, nikiwawekea soli za ngozi laini ili miguu iteleze. Siku moja wanaume wakawa wachache. Nimeambiwa duniani kote ni hivyo hivyo, Ajentina kwenyewe, Uturuki, Ujerumani, wanawake wanajaa ukumbini na wanaume wanabaki na mpira. Mama mmoja akaniambia niweke nyundo chini niingie. Niliingia na aproni yangu ya gundi, na nilipotoka nilikuwa mtu mwingine. Hadithi hii umeisikia mara nyingi, na kila mara ule ukumbi unakuwa mkubwa zaidi, nakubali.

Lakini kuna hadithi ambayo siongezi chumvi, nayo ni yetu sisi wawili. Ulikuja kibandani kwangu umeletwa na uhamisho kutoka Kilimanjaro, kiatu kimeachama, uso umepooza, mji huujui. Ukauliza ule muziki wa kinanda kwenye simu yangu ni wa kanisa gani. Nikakuonyesha hatua. Hakuna mwanamke wa Bariadi aliyekubali kuja kukumbatiwa na fundi viatu mchana kweupe, kwa hiyo tulifanya mazoezi wenyewe, uani, mimi nikienda mbele na wewe ukirudi nyuma upande wa mwanamke. Vijana wa bodaboda walikuja kutuuliza ni nani kati yetu aliyetolewa ng'ombe. Mimi nikaokota kiatu cha kuwarushia. Wewe uliye mpole, usiyesema sana, ukawaambia umetolewa wewe, tena ng'ombe wengi kwa sababu umesoma. Walicheka mpaka wakaacha kutusumbua. Siku ile nilijua nimepata ndugu. Hata jina la Ngosha, mnalotuita sisi wanaume wa Kisukuma kwa utani, kwenye mdomo wako lilikuwa kama jina la ubatizo.

Wakaja mmoja mmoja. Generoza wa mgahawa alikuja kwanza kutukejeli, akabaki. Harieth, nesi, akaja akiwa bado na sare ya kazi. Mzee Tajudin akatupa ghala lake la pamba kwa Jumapili zote kabla ya msimu wa kununua kuanza, ingawa watu walimwonya kwamba wanaocheza bila kuimba, tena wamefumba macho, lazima ni Freemason. Akawajibu kwamba Freemason wangekuwa na viti vizuri zaidi.

Unakumbuka tulivyohangaika kuwafundisha ile sheria ya macho? Kwenye tango humwendei mtu ukamshika mkono, wala humwombi kwa mdomo. Unakaa upande wako, unamtazama. Akikutazama na kuitikia kwa kichwa, mnainuka. Akigeuza uso, basi, hakuna aliyeona, hakuna aliyeaibika. Kwa wasichana waliolelewa kusalimia wanaume wakiangalia chini, ilikuwa kazi kweli kweli. Generoza alichukua wiki nyingi kuinua macho, na alipoyainua alitazama wanaume wote kwa mpigo kama trafiki anayehesabu magari. Mimi niliipenda sheria ile kuliko hata muziki. Nilikuwa nikiwaambia kwamba huu ndio mchezo pekee ambao mtu anaweza kukukataa na bado ukatembea mjini kifua mbele.

Na unakumbuka, Cyprian, ile jioni ya chai. Wengine wameshaondoka, sisi watatu tumekaa kwenye kizingiti cha ghala, Harieth katikati, wewe kushoto kwake, mimi kulia. Alituambia bila kuulizwa. Alisema anapofumba macho kwenye kumbatio hachezi na yeyote kati yetu, anacheza na marehemu Tumsifu, mume wake. Alisema mara moja alijisikia akimwita kwa sauti, akimwambia asiende haraka, na hajui kama alisikika. Nyumbani halii kwa sababu ya watoto, kazini halii kwa sababu ya wagonjwa, ni hapo tu kwenye kifua cha mtu, ambapo uso wake hauonekani. Akatuomba yaishie pale. Wewe ukasema, kwa kile Kiswahili chako cha mikutano, kwamba hoja imefungwa. Mimi nilipuliza chai yangu. Nilimwona akinitazama mimi kwa wasiwasi. Wewe hakukutazama hata kidogo.

Sikumlaumu. Mdomo wangu anaujua kila mtu. Ila neno lile sikulisema kwa mtu, wala kwa mke wangu, wala kwenye pombe. Nimetangaza bei ya suruali yangu, nimetangaza ugonjwa wa tumbo langu, nimetangaza hata ndoto zangu. Lile sikulitangaza.

Sasa habari yenyewe. Jumapili iliyopita wageni walikuja, wale tuliowangoja tangu hujahamishiwa Mwandoya: kikundi cha Mwanza na wawili kutoka Nairobi kabisa. Ulituma ujumbe kwamba una ukaguzi, huwezi kuja. Nilisikitika, nikakuwekea kiti hata hivyo. Mji mzima nilikuwa nimeutangazia. Suruali niliipiga pasi mpaka ule mstari ungeweza kukata nyanya. Harieth nilimshonea viatu vipya, ngozi ya ndama niliyoichagua mwenyewe mnadani, nikaipaka rangi nyekundu, soli ukiipitisha shavuni unasinzia. Alikuja kuvichukua Ijumaa, akashukuru kwa kifupi. Nikafikiri ni uchovu wa zamu.

Muziki ulipoanza nilikaa kwenye benchi langu la siku zote, nikamtazama Harieth. Alikuwa anaangalia mabati. Nikasema moyoni hajaniona, nikangoja. Zikapita nyimbo, watu wakakaa, zikaanza nyingine, nikamtazama tena. Safari hii alikutana na macho yangu, Cyprian, akayaacha taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe mezani. Basi, nikamtazama Generoza. Generoza akainama kukaza kifungo cha kiatu, kifungo nilichokishona mimi na hakijawahi kulegea. Nikamtazama mwalimu wa shule aliyejiunga nasi karibuni. Nikamtazama dada wa benki. Kila nilipopeleka macho, uso ukageuka. Wote wale niliwafundisha kutembea kinyumenyume bila kuogopa, na wote wakageuza uso kwa namna ile ile niliyowafundisha, bila haraka, bila kununa, vizuri sana. Walifaulu mtihani.

Hata wageni baada ya muda wakaacha kuniangalia, kwa sababu mgeni anatazama mwenyeji anamfanyia nini mwenzake. Nikaenda kugusagusa spika ambayo haikuwa na tatizo. Nikapanga soda zilizokwisha kupangwa. Nikarudi kwenye benchi. Mzee Tajudin, Mungu amweke, akaja kunipa mkono na kuniambia mbele ya watu kwamba leo ameniona muungwana, nimewaachia wageni uwanja wote. Nikamshukuru. Nikatoa na utani, sijui utani gani, watu wakacheka. Alasiri nzima nilikaa hivyo, kwenye ghala lililojaa watu wangu, na hakuna hata mtu mmoja pembeni aliyejua kwamba ninafukuzwa. Sheria yetu inafanya kazi, ndugu yangu. Sikujua ina makali kiasi hicho.

Jumatatu Harieth alikuja kibandani akiwa na vile viatu amevifunga kwenye kanga. Aliviweka juu ya meza ya kazi, akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya wodini, kwamba wiki iliyotangulia alikuwa kwenye semina ya manesi hapa mjini, na nesi mmoja kutoka Mwandoya akamuuliza huku anacheka kama ni yeye yule anayecheza na marehemu na kumwambia asiende haraka. Kwa maneno yale yale. Mbele ya wenzake. Alisema aliinuka akaenda chooni, akakaa huko mpaka kipindi kikaisha. Wenzake wa ghalani hakuwaeleza zaidi ya kwamba anayoyasikia Maige kwenye kumbatio hayabaki kwenye kumbatio.

Nikafungua mdomo. Akainua mkono, akasema nisijisumbue, kwa sababu alikwisha kumpigia simu Cyprian kabla ya kunihukumu, ili asinionee. Na kwamba Cyprian alinyamaza kidogo, kisha akamjibu: si unamjua Ngosha na mdomo wake.

Nikavichukua vile viatu, nikavitundika kwenye msumari.

Tulikuwa watatu kwenye kizingiti, Cyprian. Mimi Mwandoya sijakanyaga tangu mnada wa mwaka juzi. Nesi wa Mwandoya hawezi kuyaokota maneno ya Harieth kwenye maji ya kisima. Sijui ulikuwa wapi ulipoyasema. Labda mlikuwa mnakula, labda wageni wa ofisi walitaka kuchekeshwa na wewe, uliyezoea mimi ndiye nichekeshe, ukaona na wewe siku moja usikilizwe. Hilo ningeweza kulielewa. Mimi naishi kwa kusikilizwa, najua njaa yake. Yule nesi angekuwa ndiye kosa lote, ningekutukana kwa Kisukuma dakika tano na tungemaliza kwa nyama choma.

Ila simu ile. Mwanamke amekupigia analia, ulikuwa na nafasi ya kusema ni mimi, ukatazama pembeni ukaniona mimi nimekaa pale, na mdomo wangu mkubwa, natosha kabisa kubeba. Ulijua ataamini. Ulijua kwamba kila sifa niliyowahi kujipa mjini hapa itasimama kunishuhudia vibaya. Mtu aliyerudi nyuma mikononi mwangu, uani kukiwa na sisi wawili tu, akiniamini nisimgonge ukutani, ndiye aliyenigonga.

Utauliza nilimjibu nini. Nilimwambia Harieth pole. Basi. Jina lako sikulitaja. Si kwamba mimi ni mtakatifu, usiku wa kuamkia leo nimekutaja sana kwa ukuta. Ni kwamba yule mama alikuwa na vifua viwili tu vya kulilia. Kimoja amekwisha kukifunga. Nikimnyang'anya na cha pili kwa mkono wangu, ili mimi tu nionekane msafi, atabaki na mabati ya kuangalia. Kumwambia ni kazi yako. Mimi siwezi kukufanyia kama nilivyokuwekea soli.

Ndiyo maana nimeandika. Simu ungeikata, au ungenyamaza kidogo kisha ukajibu. Barua haina pa kukatia.

Sikiliza basi. Jumapili baada ya Pasaka ndiyo ya mwisho kabla Mzee Tajudin hajachukua ghala lake kwa ajili ya pamba. Njoo. Basi la asubuhi linakufikisha mapema. Usiniletee zawadi, usije kibandani, usinitumie ujumbe. Ingia kama watu wengine, kaa upande ule wa dirisha. Mimi nitakuwa kwenye benchi langu, maana sijaambiwa niache kuja, nimegeuziwa uso tu. Muziki ukianza nitakutazama.

Ukiitikia kwa kichwa, tutainuka wote wawili, na hatutacheza. Tutakwenda mpaka alipokaa Harieth, nitasimama nyuma yako, na utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe. Viatu vyake vyekundu ninavyo, vimening'inia kwenye msumari, nitakuja navyo.

Na ukigeuza uso, Cyprian, hakuna atakayeona. Utarudi Mwandoya na heshima yako yote, nami nitapanga soda.

Nisalimie shemeji Eliaichi, mwambie zile ndala za mtoto ziko tayari na sitaki kusikia habari ya malipo. Wasalimie na watu wa ofisini kwako, hata wale waliocheka. Generoza hajui kama nakuandikia, lakini kila siku anauliza lini utakuja kula samaki wake, kwa hiyo salamu zake ninazipitisha bila ruhusa yake. Mvua zikizidi huko, funga madirisha upande wa magharibi, nyumba zile za serikali zinavuja, nililala ile ya kwako ya hapa Bariadi nikiwa mgeni wako nikaamka nimelowa mgongo.

Ni mimi uliyeniita ndugu,
Maige,
Ngosha mwenye mdomo.